Bisi ya Assumani

Pejo 404, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
imeingia Majengo asubuhi ikikohoa,
moshi wake mweusi kuliko mawe tunayokanyaga.
Mama Faila hakuzima.
"Nikizima haiwaki tena, Mumbere,
na sina mtu wa kusukuma."

Zima, nikamwambia.
Watu wa kusukuma ndio mali pekee ya karakana hii.

Naanza na plagi. Nne zote nyeusi, zimelowa,
zinanuka kama chupa za esanse za kando ya barabara.
Basi si njaa. Gari hili linakula kupita kiasi.
Wengine wangekimbilia moto: platino, kondensa, waya.
Mimi nafuata pua.

Chujio la hewa: nalikung'uta, vumbi la Goma linamwagika
jeusi, jepesi, linatafuta macho yangu.
Nikadhani kazi imekwisha kabla ya chai.

Haikwisha.

Kabureta sasa iko mezani, juu ya sinia ya mke wangu
(ataniuliza).
Jikleri naipuliza, naiinua kwenye mwanga:
jicho la sisimizi, safi.
Sindano inafunga. Natema esanse, naendelea.

Boya.
Kijishaba chembamba ambacho kazi yake ni kuelea
na kuiambia sindano: yatosha, funga.
Nalitikisa karibu na sikio.
Chwa. Chwa.
Limekunywa. Na boya lililokunywa
halijui tena kusema yatosha.
"Kama shemeji yangu," anasema Mama Faila,
na kwa mara ya kwanza tunacheka.

Nalizamisha katika maji ya moto.
Viputo vinatoka ubavuni, mahali pamoja, vidogo kama ushanga.
Hapo. Nalikausha mpaka linyamaze kabisa sikioni,
kisha risasi, tone moja,
maana boya zito ni ugonjwa uleule kwa jina jingine.

Likawaka kwa mkono wa kwanza.
Moshi ulipungua. Haukwisha.
"Imebaki bisi," nikasema, nikachukua turnevisi,
na mkono wa Mama Faila ukatua juu ya wangu.

Kichwani mwa bisi palikuwa na mstari mwekundu
unaovuka hadi kwenye mwili wa kabureta.
Rangi ya kucha.
"Yangu ya arusi. Assumani aliipaka tukiwa Kindu.
Alisema ndipo penyewe, mtu asiiguse."
Miaka kumi na minane tangu wamzike
hakuna aliyeigusa.

Nikatafuta maneno, nami si mtu wa maneno.
Mumeo hakukosea, mama.
Kindu ni chini, kando ya mto, hewa yake unaikata kwa panga.
Alipima esanse kwa hewa ile.
Huku tuko juu, tunavuta hewa nyembamba,
na bisi bado inamwaga kipimo cha kule
kama mpishi aliyezoea kupikia watoto tisa.

Akatazama barabara muda mrefu.
Alizaa wangapi, sikuwahi kuuliza.
Kisha akaondoa mkono.
"Geuza. Lakini usiifute."

Robo ya mzunguko, kulia. Injini ikapandisha sauti.
Robo tena: ikatetemeka, nimepita.
Narudi kidogo, kidogo, nimefumba macho.
Pale.
Nikaweka kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi,
kikatoka kama kilivyoingia. Karibu.

Alikuwa ameshafungua pochi.
Kichupa cha mjukuu, zambarau yenye vimetameta.
Akainama juu ya injini inayounguruma, shela mkononi,
akachora mwenyewe,
mstari umepinda kwa mtetemo.

Sasa kichwa cha bisi kinaelekea zambarau,
na nusu ya mstari mwekundu imebaki kwenye chuma,
inaelekea Kindu.

Alipanda kilima cha Katindo bila kukohoa, nilisikiliza mpaka mwisho.
Pesa ya risasi
amesema Jumatano.